Benchi, Shuka na Lengo la Mama

Watu wengine wakinusa petroli wanafikiria safari. Mimi nafikiria jeneza la baba yangu. Na kabla hujaanza kunipa pole, Baba yuko hai, ana simu, na wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti kunikumbusha nioshe viatu vya shule. Nusu ya ujumbe ilikuwa kikohozi.

Harufu yenyewe si petroli tupu. Ni petroli iliyochanganyika na majani chai yaliyokatwa sasa hivi, ule ubichi unaokwaruza koo, pamoja na jasho. Mama huja nayo nyumbani kila jioni kwenye sweta. Mwisho wa muhula, kabla hatujafunga shule, mwalimu wa Kiswahili alituambia tuandike maazimio ya mwaka mpya. Darasa zima likainama likaanza: nitaacha simu, nitaacha kulala darasani, nitaacha marafiki wabaya (huyo rafiki mbaya alikuwa mimi, na aliyeandika alikuwa ameketi karibu nami). Mimi nikabaki natazama karatasi tupu, na harufu ya sweta la Mama ikanijia puani kana kwamba mtu amelitundika kwenye dirisha la darasa. Kwetu hatuandiki maazimio. Kwetu azimio ni karibu tusi.

Turudi nyuma kidogo. Nilikuwa na umri ule wa kukosa meno ya mbele na kukosa adabu. Tuliishi kwenye kambi ya kampuni, zile safu za nyumba nyeupe zilizobanana katikati ya majani chai, upande huu wa Kericho ambako mvua hufika kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Wazazi wangu walitoka kule ziwani kutafuta kazi. Waliniita Akoth kwa sababu nilizaliwa mvua ikinyesha, jina ambalo kwa Kericho lingefaa kila mtoto na ng'ombe kadhaa. Baba alifanya kazi fakitori, kwenye chumba cha kuchambua chai iliyokauka, mahali ambapo vumbi la chai huelea hewani hadi unaweza kulikorogea sukari. Alikuwa akikohoa. Mama alikuwa mchunaji, kikapu mgongoni, eproni ya plastiki kiunoni, mikono myeusi ya utomvu hata baada ya kuoga.

Asubuhi ya mwaka mpya Mama alikuwa na kawaida yake. Kabla mtu hajagusa chapati, alitoa fito yake nyuma ya mlango na kuilaza mezani, katikati ya vikombe. Kama hujawahi kuchuna chai, fito ni mti mrefu mwembamba ulionyooka, ambao mchunaji huurusha mbele yake juu ya michai. Jani lililochomoza juu ya fito linachunwa, la chini yake linaachwa likue. Ndiyo maana mashamba yetu yamelala sawa kama kitanda kilichotandikwa na mtu mwenye hasira. Ukiifikia fito, unairusha tena mbele.

“Haya,” Mama akasema. “Kila mtu aseme lake. Na sitaki maazimio.”

“Maazimio yamekukosea nini?” Baba akauliza, mkono ukinyemelea chapati.

“Azimio ni kuacha tu. Nitaacha hiki, nitaacha kile. Mtu anamaliza mwaka akilinda kitu ambacho hafanyi. Mimi nataka lengo, kitu cha kufanya. Na kiwe mahali mkono utafika. Ukirusha fito kule mlimani, utaenda kuitafuta na majani utaacha hapa.”

Mimi nilikuwa nimeacha kusikiliza tangu nilipoona chapati.

Baba akaanza. “Mwaka huu naezeka nyumba yangu kule nyumbani. Kuta zimesimama vya kutosha. Mabati yapande.”

Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Zamu yangu.

“Mimi nataka kuwa mrefu.”

“Hiyo si kazi yako. Ni ya Mungu, na hajaomba msaidizi.”

“Basi nitaacha kuongea darasani.”

“Akoth, nimesema nini kuhusu kuacha?”

“Na hilo lingemshinda hata Mungu,” Baba akasema.

Mwishowe nikapewa lengo kama mtu anavyopewa dawa ya minyoo: nifikishe ndoo ya maji kutoka mferejini hadi mlangoni bila kumwaga hata tone. Niliona nimeibiwa mwaka mzima. “Na lako ni gani, Mama?”

“Langu mtaliona.”

“Hiyo si haki!”

“Wewe mdomo wako ni redio ya kambi. Kula.”

Baba hakumuuliza. Alikohoa, akageukia dirisha, akatazama michai kwa muda mrefu kuliko mtu mwenye njaa anavyopaswa kutazama michai.

Wiki hiyohiyo habari za mashine zikafika mferejini, mahali ambapo habari zote za kambi hufika kabla ya maji. Wamama walikuwa wamepanga ndoo zao, wanaongea kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwa wamama wa mferejini lilikuwa ugonjwa. Kampuni inaleta mashine za kuchuna. Zimeshaanza kule ng'ambo ya kilima. Wachache watafundishwa kuzishika, wanaume wenye kifua, na waliobaki wataombwa wapumzike. Na ukipumzika kazi unapumzika na nyumba, kwa sababu nyumba ni ya kampuni, hata ule msumari unaotundikia kalenda.

“Mtu wa kambi hii akigusa hiyo mashine,” akasema mama mmoja aliyeitwa Mama Rebeka, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, “asinisalimie tena hadi nife.”

Wote wakaitikia. Mama akaitikia pia. Jirani yetu Mama Chebet, mrefu kama mlingoti wa bendera ya shule, mtu wa Bomet asiyependa maneno mengi, akajaza ndoo yake na kuondoka. Mimi nilikuwa nikihesabu matone niliyomwaga, sikujali. Mashine zilikuwa shida za watu wazima, kama presha na uchaguzi.

Sasa sikia vile mtoto anaweza kujiharibia mwaka.

Jioni moja mimi na Chebet, binti wa huyo Mama Chebet, tulikuwa tumeenda kuiba mapera kule chini karibu na mto, nyuma ya mikaratusi, palipokuwa na kipande cha chai ya zamani ambacho kampuni ilikuwa imekisahau. Tukasikia hatua. Tukajitupa nyuma ya mti, mapera mdomoni. Wakatokea mama zetu, wa kwangu upande huu wa mstari wa michai, wa Chebet upande ule. Katikati yao walikuwa wamebeba benchi letu la sebuleni. Juu ya benchi wametandaza shuka jeupe, lile la wageni, likining'inia hadi nyuma. Na chini ya shuka, upande wa Mama, kulikuwa na kitu kimevimba, kama kichwa.

Walitembea polepole. Mguu na mguu, pamoja, kimya, nyuso zimekazwa. Watu wazima hawatembei hivyo isipokuwa siku moja tu.

“Kushoto, Mama Akoth,” Mama Chebet akasema. “Tukiangusha mbele ya watu, hiyo aibu tutaishi nayo.”

“Mkono unauma.”

“Ara, kwani siku yenyewe utasema mkono? Baba Akoth ameambiwa?”

“Bado. Nitamwambia siku ikikaribia. Ana kifua tayari, sitaki nimuongezee presha.”

Wakapita. Shuka likaburuta juu ya michai nyuma yao kwa sauti ndogo ya kufagia. Chebet akatema pera.

“Wanafanya nini?”

“Mazoezi,” nikasema. Nilikuwa najua. Likizo ya nyuma tulikuwa tumeenda kumzika ndugu ya Baba kule nyumbani, na mmoja wa waliobeba jeneza aliteleza kwenye tope, jeneza likainama, na watu waliongea juu ya ule mtelezo kuliko walivyoongea juu ya marehemu. Niliona ni jambo la busara kabisa kwamba mama zetu wasingetaka aibu kama ile.

“Mazoezi ya nini?”

“Ya kubeba jeneza.”

“La nani?”

Hapo ndipo nilipopata jibu. Kwa sababu huyo ndugu ya Baba alikufa kabla hajajenga, na kwetu mwanamume hatolewi nyumbani kwa mwingine akazikwe. Ikabidi wanaume wamsimamishie kijumba, tangu asubuhi hadi jioni, wakipigilia mabati huku jeneza likisubiri nje kama mgeni aliyekuja mapema. Mtoto akiona hivyo anajifunza jambo moja. Anajifunza kwamba nyumba humalizwa, kisha mwenyewe anazikwa. Na Baba alikuwa amesema kwa mdomo wake, mbele ya chapati, kwamba mwaka huu anaezeka.

“Ni Baba,” nikasema.

“Lakini juzi alikuwa anacheka.”

“Wewe hukumsikia akikohoa?”

Chebet alifikiri. “Labda ni babu yako.”

“Babu alishakufa.”

“Basi si yeye,” akasema, na kwa vile alikuwa rafiki mwema, akanipa pera lake lililobaki.

Kuanzia siku hiyo nililiacha lengo la ndoo na kushika langu la siri: Baba asife mwaka huu. Nilikuwa nimeirusha fito hadi kule mlimani, na sikujua njia ya kwenda.

Nilianza na mikaratusi. Nilichemsha majani hadi nyumba nzima ikanuka kama duka la dawa ya mafua, nikamfunika Baba kwa blanketi juu ya sufuria, nikaketi juu ya pindo la blanketi asitoroke. “Huyu mtoto,” alisema kutoka humo ndani, “atakuwa daktari ama askari jela.” Siku alizofanya kazi usiku na kulala mchana, nilirudi kutoka shule mbio, nikaingia kwa vidole, nikaweka kiganja chini ya pua yake. Pumzi ilikuwa ikitoka, moto, yenye harufu ya chai kavu. Siku moja akafungua jicho moja.

“Akoth.”

“Naam.”

“Bado niko.”

Akafunga jicho. Nilienda nyuma ya nyumba nikalia hadi kamasi zikafika kwenye kola. Kwa nini mtu aseme bado, kama hajui kuna mwisho?

Jioni nyingine alinionyesha simu. Ndugu yake mwingine alikuwa amemtumia picha ya ile nyumba: kuta za matofali, madirisha matupu kama macho, na juu mbingu tu.

“Unaona? Mwezi ujao mabati.”

“Si uiache hivyo mwaka huu,” nikasema.

“Bila mabati? Mvua je?”

“Kule mvua ni kidogo.”

“Hutaki nyumba, nyathina?” Huniita hivyo, mtoto wangu, kwa lugha ya nyumbani, akiwa laini.

“Nataka wewe.”

Alinitazama, akanipa mandazi. Watu wazima wakionyeshwa mapenzi ya ghafla hufikiri ni njaa.

Benchi liliendelea kutoka jioni na kurudi na tope miguuni. “Limeenda kwa Mama Chebet, ana wageni,” Mama alisema, na Chebet alikuwa amekwisha kuniambia kwao mgeni pekee alikuwa panya. Mama alifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono, na mferejini walipomuuliza akasema alianguka. Sikuwa nimewahi kumsikia Mama akidanganya isipokuwa kwa pasta. Kila uongo wake uliongeza udongo kwenye kaburi nililokuwa nikilichimba kichwani mwangu. Nilibeba ndoo macho yakitafuta benchi, na maji yakafika nusu.

“Lengo lako linamwagika,” Mama akaniambia mlangoni.

Lako linatembea vizuri, nilitaka kumjibu. Redio ya kambi ilikuwa imezimwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ikafika asubuhi moja shuleni, wakati wa mapumziko. Shule yetu ilipakana na shamba, ua wa miti tu katikati. Tukasikia mngurumo kama pikipiki iliyokataa kwenda. Mwalimu akasema tusisogee, kwa hivyo tukakimbia sote hadi kwenye ua.

Upande wa pili kulikuwa na wakubwa wa kampuni wenye gambuti safi, nyapara wetu, na wachunaji wengi waliosimama kando na vikapu vitupu. Wanaume wawili walikuwa wameshika mashine, mmoja huku, mmoja kule, mstari wa michai katikati yao. Ilikuwa ndefu na nyembamba, injini ikiwa imekaa mwisho mmoja, na nyuma yake mfuko mkubwa mweupe uliojaa upepo. Walikata mstari kama kinyozi mlevi. Nyapara akachukua fito ya mchunaji mmoja, akailaza juu ya michai iliyokatwa, na fito ikabembea, juu huku, chini kule. Akatikisa kichwa. Wawili wengine wakajaribu. Fito ikabembea tena.

Kisha Mama akatoka kwenye kundi. Na Mama Chebet.

“Na nyinyi akina mama,” nyapara akacheka, “mmewaletea hawa chai?”

“Tumekuja kuinyoa,” Mama Chebet akasema.

“Washa, mzee,” Mama akasema. “Maneno mengine tutaongea mwisho wa mstari.”

Mama akashika upande wenye injini. Wakainua. Na nikaona ule mwendo. Mguu na mguu, pamoja, kimya, nyuso zimekazwa. Kile kichwa chini ya shuka kilikuwa mtungi wa maji uliokaa mahali pa injini. Shuka la wageni lilikuwa mfuko. Upepo ukaleta harufu ya petroli na majani mabichi hadi kwenye ua, ikanipiga usoni, na Chebet akanishika mkono kwa nguvu hadi kucha zikaingia.

“Akoth,” akasema. “Hakuna jeneza.”

Ungedhani nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kupumua mara moja. Kisha nikaona wale wamama wa mferejini, mikono imekunjwa kifuani, Mama Rebeka mbele yao, na hakuna aliyepiga makofi. Ndipo maneno yote ya mferejini yaliporudi na kukaa mahali pake. Mama akianguka, tunahama. Asipoanguka, wao ndio watahama. Nilishika matawi ya ule ua na sikujua niombe nini, kwa hivyo niliomba tu asianguke. Nilikuwa mtoto wake.

Katikati ya mstari kulikuwa na mtaro. Mama aliuingia bila kuuona, akashuka hadi goti, na mashine ikainama upande wake. Wanaume wakaguna. Lakini Mama Chebet, kule upande wake, alikuwa ameshakunja magoti, marefu yale, akashuka pamoja naye kama watu wanaoketi kwenye kiti kimoja, na mashine ikabaki sawa. Wakapanda pamoja. Wakamaliza.

Nyapara akalaza fito. Ililala juu ya michai kimya, kama imechoka na imepata mahali pa kulala. Akaisukuma kwa kidole. Haikubembea.

“Andika hawa,” mkubwa mmoja akasema.

Jioni hiyo benchi lilikuwa sebuleni, limepanguswa, na tulikuwa tumeliketia sote. Mama alikuwa akimwambia Baba kila kitu, haraka haraka, akirudia sehemu ya mtaro, mkono wake uliofungwa ukipaa hewani. Baba alisikiliza hadi mwisho. Akakohoa. Mimi nikashindwa kuvumilia.

“Kwa hivyo Baba hafi?”

Walinigeukia wote wawili.

“Nani amesema nakufa?” Baba akauliza.

Nikasema yote. Shuka, kichwa, mtelezo wa jeneza, kijumba cha ndugu yake, mabati. Kadiri nilivyosema ndivyo Mama alivyofunika mdomo, na nilidhani analia hadi nikaona mabega yakicheka. Baba hakucheka. Alinivuta katikati yao kwenye benchi.

“Nyathina, mabati si ya kuzikwa. Ni ya kulala chini yake. Tungefukuzwa hapa tungeenda wapi?”

“Na wewe ulikuwa unajua habari ya mashine?”

“Nani hajui? Fununu zilianza kabla ya mwaka mpya. Mama yako aliogopa akakimbilia kwenye mashine. Mimi niliogopa nikakimbilia kwenye mabati. Hatukuambiana, kila mmoja alidhani mwenzake hajaogopa.”

Mama akaacha kucheka. Wakatazamana juu ya kichwa changu, na nikaelewa kwamba nilikuwa nimekosea jina la kile kitu, lakini sikuwa nimekosea kwamba kilikuwepo ndani ya nyumba. Kilikuwa kimekaa nasi mezani tangu siku ya chapati.

Kambi ikaanza kupungua watu. Milango ikabaki wazi, kalenda zikabaki ukutani. Asubuhi Mama Rebeka alipokuwa akiondoka, godoro kichwani, Mama alimsubiri mlangoni na chapati zilizofungwa kwenye karatasi. Mama Rebeka alisimama. Alichukua chapati. Hakumsalimu. Alitimiza neno lake hadi kwenye kona ya barabara, na Mama akabaki mlangoni hadi mvua ilipomrudisha ndani. Siku hiyo nilifikisha ndoo ikiwa imejaa hadi ukingoni, na hakuna aliyekumbuka kunipongeza, nami sikukumbusha.

Miaka imepita, na mambo mengine yamejipanga kama yalivyotaka. Mabati yalipanda. Baba aliacha fakitori kwa sababu ya kifua na sasa anaishi chini ya mabati hayo kule nyumbani, anafuga kuku na kunitumia ujumbe wa sauti. Mama Chebet amerudi kwao Bomet kuchuna chai yake mwenyewe, kwa mkono, na Chebet ananiandikia kwamba mama yake husema mkono hauna kelele. Hapa kambini wanaongea sasa juu ya mashine mpya ambayo mtu anakaa juu yake peke yake kama dereva. Mferejini wameanza tena ile sauti ya chini.

Na jana, mwaka mpya. Tulikuwa wawili tu mezani, fito katikati ya vikombe. Fito haina kazi tena, lakini Mama huitoa.

“Nimepewa mwenzangu mpya wa mashine,” akasema. “Kijana. Mrefu kama mwizi wa maembe. Juzi tumekata mstari ukaonekana kama ngazi. Wakianza kupunguza watu, watapunguza wale ambao mstari wao unabembea.”

“Kwa hivyo lengo lako?”

“Niushike mwendo wake kabla hawajaanza.” Akanitazama toka miguuni hadi juu. Mungu yule asiyetaka msaidizi alikuwa amefanya kazi yake, na kwa maoni ya sare yangu ya shule alikuwa amepitiliza. “Simama hapo mlangoni. Aha. Ni kama yeye. Toa benchi.”

“Mama, majirani watasema nini?”

“Watasema tunabeba jeneza. Toa benchi.”

Nililitoa. Miguu yake imelegea, na bado ina madoa ya tope ambayo hakuna kitambaa kimeweza kuyatoa. Tukashuka hadi nyuma ya mikaratusi. Mtungi upande wake, shuka juu. Nilipoinua, simu yangu ililia mfukoni, na nilijua ni nani. Niliuliza kama naweza kushika, Mama akasema lengo kwanza. Ikanyamaza. Ikalia tena, mlio mfupi wa ujumbe, na moyo wangu ukafanya kile ulichofanya nikiwa sina meno. Tuliliweka benchi juu ya michai, nikasikiliza. Kikohozi kirefu. Kuku. Kisha: “Heri ya mwaka mpya, nyathina. Bado niko.”

Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya mstari, mkono kwenye benchi, ananisoma uso.

“Anasemaje?”

“Bado yuko.”

Akapumua. “Haya, inua. Na ukunje magoti, Akoth. Kuna mtaro mbele.”